Damu ya Sungura kwenye Friza Langu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimezaliwa kambi ya mkonge, Kilosa, kwenye chumba alichopewa babu yangu alipoletwa kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka kwao, na tangu hapo macho yangu hayajapumzika. Shule nilifika darasa la nne, tena kwa kuburuzwa. Yaliyobaki nilifundishwa na barabara kuu pale Mikumi, nilikoanza na ndoo ya mayai ya kuchemsha kichwani nikikimbizana na malori. Nimemwona utingo mlevi akimfukuza simba kwa ndala. Nimeona tembo akimaliza magunia ya unga dukani kwa mtu, halafu akaacha malipo yake mlangoni, yanafuka moshi. Nilipanga foleni ya sukari enzi za shida, na ruksa ya biashara huria ilipoingia nikawaona wale wale waliokuwa wakitukamata kwa ulanguzi wakigeuka kuwa wafanyabiashara wenzetu. Nikitoka hapo nishangae nini tena?

Lakini kushangaa ni kitu kimoja, na kuona kinyaa ni kingine. Kushangaa niliacha utotoni. Kinyaa sijakiacha, na mambo haya mpaka leo nikiyakumbuka wakati wa kula nasukuma sahani.

Wakati ninaousimulia nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa na gesti, baa mbele yake, jiko la supu ubavuni, na bucha iliyotazama barabara. Hakuna aliyenipa hata msumari. Na ndani ya bucha nilikuwa na friza. Nililinunua kwa Wazungu waliokuwa wakifunga kambi ya kutengeneza barabara, jeupe, refu kama jeneza la mtu mnene, na umeme ukikatika nilikuwa na jenereta langu. Mbuzi wanne wanalala humo na bado kuna nafasi ya barafu. Madereva waliokwenda Zambia walikuwa wakisema ukitaka maji baridi kweli kweli ngoja ufike Mikumi, kwa yule bwana. Yule bwana ni mimi.

Sasa masika ya mwaka huo njia ya Mikumi kwenda Kilosa ilikatika. Mvua zilikula kingo, magari yakalala, na abiria waliokuwa wanashuka kwenye mabasi ya Dar ili waunganishe Kilosa wakajikuta ni wageni wangu. Mmoja alikuwa kijana wa suruali iliyonyooshwa na kalamu tatu mfukoni, amekumbatia boksi dogo kama mtu aliyebeba kitoto. Nilimfahamu. Ruksa ilipofungua milango na huku kila mwenye cheti akafungua mlango wake, na yeye alifungua maabara Kilosa mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la mitumba. Watu walimwita daktari. Hakuwa daktari, alikuwa mpima mikojo na vyoo, lakini sijawahi kumsikia akimrekebisha mtu. Hata wahudumu wa baa yangu yeye ndiye aliyekuwa akija kuwapima, maana watu wa afya walikuwa wanataka cheti kabla hujapewa leseni.

“Shikamoo mzee,” akasema.

“Marahaba. Vyumba vipo. Cha choo ndani au cha nje?”

“Chochote, mzee. Shida yangu ni baridi. Una friji?”

“Friji wanalo walimu,” nikamwambia. “Mimi nina friza.”

Akafurahi. “Hapo ndipo penyewe. Mzigo huu ukipata joto umekufa.”

Akafungua kifuniko mwenyewe, akalisogeza paja la mbuzi mwenyewe, akalizika lile boksi chini kabisa kwenye barafu. Nasema mwenyewe kwa sababu baadaye alitaka kusema vingine. Boksi lilikuwa jeupe na lilikuwa na maandishi mekundu ya Kiingereza ubavuni. Kiingereza amesoma yeye, sijasoma mimi.

Aliyegundua ubaya ni mke wangu, ambaye jiko la supu lilikuwa lake. Asubuhi moja, njia bado imekatika, aliinamia friza kutafuta kongoro, nikasikia ananiita kwa sauti ya upole. Mke wangu akiita kwa upole ujue kuna moto.

“Mume wangu, njoo uone barafu za rafiki yako.”

Alikuwa ameshika vichupa vya penisilini, vile vya kioo, vimefungwa kwa plasta, na ndani kuna barafu ya njano. Vilikuwa vimelala juu ya kongoro. Kimoja kilikuwa kimepasuka kwa baridi, na ile njano ilikuwa imeteremka ikagandia kwenye nyama. Kijana akaja mbio kutoka chumbani, mswaki bado mdomoni.

“Hivi ni nini?” mke wangu akamwuliza.

“Ni sampuli, mama.”

“Sampuli ya nini?”

“Mikojo ya wale wahudumu. Nilichukua juzi, nikaona isiharibike. Lakini nimefunika vizuri, mama.”

Mke wangu akakitazama kile kilichopasuka. Akaitazama sufuria ya supu, ambayo wateja walikuwa wameshaanza kuinywa. “Kumbe,” akasema. “Ndiyo maana jana waliniambia supu imekolea chumvi.”

Nilitoka nje. Nimechinja, nimechuna, nimeosha utumbo wa ng’ombe kwa mikono hii, lakini pale nilishika mti nikatema mate mpaka koo likakauka. Nilikuwa nimekunywa bakuli mbili za supu ile jana yake. Niliporudi, kijana alikuwa bado anaeleza usafi wake, na mimi, sijui shetani gani alinituma, nikauliza lile boksi dogo nalo lina uchafu gani.

“Hilo ni safi kabisa mzee. Hiyo ni dawa ya kupimia mimba.”

“Imetengenezwa na nini?”

Nisingeuliza. Alitoa mswaki mdomoni akanisomesha pale pale mbele ya nyama. Mwanamke akishika mimba, akasema, mwili wake unatoa kitu fulani ambacho kabla hakikuwepo, na kitu hicho kinatoka kwenye mkojo. Wazungu wanakusanya mikojo ya wajawazito kwa mapipa, wanakichuja kitu kile, kisha wanamdunga sungura. Sungura hakijui. Mwili wake unakikataa, unakiona ni adui, basi unatengeneza askari ndani ya damu, askari waliofundishwa kukikamata kitu kile na kingine chochote hapana. Hapo sungura anakamuliwa damu. Wale askari wanatolewa, wanabandikwa kwenye vipunje vya plastiki laini kuliko unga wa ngano, inapatikana dawa nyeupe kama maziwa. Unaweka tone juu ya kioo cheusi, unatia na tone la mkojo, unakoroga kwa kijiti, unainamisha huku na huku. Kama mimba ipo, askari wanakamata, maziwa yanakatika, unaona chenga chenga. Kama haipo, yanabaki maziwa.

“Kwa hiyo,” nikamwambia, “mmemdunga sungura mikojo ya wake za watu, sungura akaona kinyaa, mkakikinga kinyaa chake kwenye chupa, mkakileta kilale na mbuzi wangu.”

“Ukitaka kusema hivyo, mzee.”

“Nataka.”

Nyama yote niliitupa. Mbwa wa stendi walikula kama wako harusini, na watu walisimama kutazama tajiri amepatwa na wazimu gani. Lile boksi lilipotoka lilikuwa jiwe. Damu ya mbuzi ilikuwa imelowa kona moja ya karatasi, ikaacha doa kama ramani. Kijana alikitoa kichupa akakiinua kwenye jua, kigumu, hakitikisiki, akasema kitayeyuka tu. Nikamwambia akayeyukie mbele, yeye na sungura wake. Njia ilipopitika aliondoka na pikapu ya kwanza, nami nikadhani tumemalizana.

Hapa lazima niseme habari ya binti yangu. Nilikuwa naye kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana upande wa Kilosa, moja ya zile za binafsi zilizochipuka wakati ule. Mimi barua naandika kwa jasho. Yeye alikuwa akiandika barua zangu za kwa bwana ardhi na za benki, na benki walikuwa wanaita mwenye mwandiko huu aje tumwone. Nilikuwa nimeshapanga. Atakuwa mwanasheria. Mtu akinidhulumu kiwanja, nisitafute wakili, nimwite tu toka jikoni. Watu wa baa walikuwa wamechoka kunisikia.

Na kila mzazi alijua sheria ilivyo. Msichana akikutwa na mimba, shule basi. Hakuna kujieleza, hakuna kurudi baada ya kujifungua, sanduku linatolewa nje. Kwa hiyo kila wakitoka likizo walikuwa wanapangwa mstari nyuma ya bweni, kila mtu na kikopo cha siagi mkononi kilichojaa mkojo wake, wakubwa kwa wadogo, wanapita mbele ya mpimaji kama watu wa maziwa mbele ya karani. Niliwahi kumwuliza binti yangu anajisikiaje. Alisema, “Unazoea, baba. Unaangalia juu.” Mimi nisingezoea.

Basi dereva mmoja wa pikapu akasimama kwangu, akakataa chai, akawa anatazama matairi yake.

“Mzee, umeitwa shule. Binti yako.”

“Anaumwa?”

“Haumwi. Wanasema amepimwa.”

Nilivaa koti langu la harusi, nikatia noti za kutosha mfuko wa ndani, maana mambo yangu nayamaliza kwa mkono, nikapanda. Njia nzima nilikuwa nazihesabu zile noti kwa vidole, bila kuzitoa kwenye koti.

Nilikuta wasichana sita wamekaa sakafuni kwenye baraza ya ofisi, kila mmoja ameegemea sanduku lake la bati. Binti yangu alikuwa wa kwanza. Aliinuka akapiga goti, “Shikamoo baba,” akabaki ananitazama machoni, kitu ambacho si kawaida yake.

“Niambie kweli,” nikasema.

“Unamwamini nani, baba? Mimi au kichupa?”

“Kichupa gani?”

“Kile kipya. Mabweni yote yalipimwa kwa kichupa cha zamani, wote wazima. Kikaisha. Bweni letu ndilo la mwisho, na mimi nilikuwa mbele. Akafungua kingine, akaweka, akasema tayari ipo. Akapima huyu, akasema ipo. Na huyu. Kila aliyekuja ipo. Tulipofika sita mkuu akasema funga, aibu ya leo inatosha.”

“Alikitoa wapi?”

“Kwenye kiboksi cheupe. Kina doa la damu hapa pembeni, na kinanuka nyama. Sisi wenyewe tulishika pua.”

Nikakiona tena kile kichupa kikiinuliwa juani kwangu Mikumi. Niliona paja la mbuzi.

Nilipogeuka nikamkuta daktari mwenyewe ananingoja kwenye kona ya stoo ya kuni. Akanishika mkono wa koti, akaniinamia, na mdomo wake ulikuwa unanuka pipi ya minti.

“Mzee, pole sana. Lakini haya mambo yanazungumzika. Naweza kurudia kipimo cha binti, nikakitazama kwa jicho lingine. Wewe ni mtu mkubwa.”

Nimewapa trafiki, nimewapa watu wa leseni, nimempa bwana nyama anayekagua bucha, wala sioni haya. Barabarani ndivyo gari linavyokwenda. Lakini huyu alikuwa ananiuzia ukweli baada ya kunipa uongo bure. Niliutoa mkono wake kwenye koti langu kama unavyotoa konokono, kwa vidole viwili.

“Twende ofisini,” nikamwambia. “Na kichupa chako.”

Mkuu wa shule alikuwa mama wa kule milimani, aliyelelewa misheni, mwenye sauti ya kusomea zaburi. Nilimpa shikamoo ingawa tulikaribiana umri, kwa sababu ofisi ina umri wake. Mlangoni alikuwa amesimama matroni wa lile bweni, bibi wa makamo yaliyopitiliza, kanga kiunoni na bunda la funguo shingoni.

“Bweni moja,” mkuu akasema. “Sita kwa mfuatano. Hawa wametoroka pamoja, bwana. Hakuna maelezo mengine.”

“Bweni langu hawatoroki,” matroni akasema. “Funguo hizi nalala nazo kifuani. Atakayezichukua na mimi nitajua nimepata mume.”

“Hujaulizwa, mama.”

“Sijaulizwa ndiyo, lakini nimetukanwa.”

Nikawaeleza habari ya friza. Niliieleza yote, hata supu. Mkuu alifunika mdomo kwa leso. Nikasema maziwa yakilala kwenye friza langu yakaganda, ukiyayeyusha hayarudi kuwa maziwa. Yanakatika, yanakuwa maji na chenga. Kila mwanamke wa Mikumi anayeuza chai anajua. Na dawa hii si ni maziwa ya sungura?

“Mzee, hii ni sayansi,” kijana akasema. “Siyo chai.”

“Basi itie kwenye kioo bila mkojo, tuone.”

“Haipimwi bila sampuli. Hakuna kipimo cha namna hiyo duniani.”

Matroni akachukua kikopo kwenye dirisha. “Sampuli ipo,” akasema, akatoka.

Mkuu alipanga kalamu zake. Matroni aliporudi alikiweka kile kikopo juu ya meza, katikati kabisa, karibu na Biblia na kengele, kikiwa bado kinatoa mvuke. Nilitazama ukutani. Ukutani kulikuwa na ratiba ya chakula, ikawa mbaya zaidi.

“Mimi nilikoma kuona siku zangu daktari huyu hajaota ndevu,” akasema. “Haya, pima.”

Ilibidi apime. Akatikisa kichupa, akadondosha tone jeupe kwenye kioo cheusi, akatia la bibi, akakoroga. Aliinamisha kioo mara moja tu. Hata mimi niliyekuwa natazama kwa jicho la pembeni niliona. Chenga. Chenga kubwa kama za mchele mbovu. Yale hayakuwa maziwa, ulikuwa mtindi wa wiki.

Matroni akainama akatazama, akajishika tumbo.

“Haya. Mimi ndiye Sara,” akasema. “Nitafutieni Ibrahimu wangu upesi, na awe na ng’ombe.”

Kule barazani walikuwa wanasikiliza, nikasikia wasichana wanacheka, kicheko cha kuziba mdomo kwa viganja. Nikasema nimeshinda. Nikasema moyoni, mimi darasa la nne. Nikamwambia mkuu, basi mama, masanduku yarudi ndani.

Akavua miwani akaifuta. “Mama huyu hana mimba, hilo nakubali,” akasema. “Dawa ni mbovu, hilo pia nakubali. Lakini ubovu wa dawa hausemi kwamba hawa ni wazima. Unasema hatujui. Na majina nimeshayasoma mbele ya shule nzima. Siwezi kuyafuta kwa maneno ya mzazi na mzaha wa matroni. Niletee karatasi yenye muhuri wa hospitali kubwa ya Morogoro.”

Nilitaka kumchukia, nikashindwa kupata pa kushika. Nikatoka barazani nikamwambia binti yangu achukue sweta, tunakwenda Morogoro sasa hivi.

“Siendi peke yangu,” akasema.

“Unasemaje?”

“Baba, nikirudi peke yangu na karatasi watasema umeinunua.”

“Nani atasema?”

“Wote. Kila mtu anajua una hela, baba. Wewe mwenyewe ndiye unayewaambia.”

Wale watano wakatazama chini. Hakuna mzazi wao hata mmoja aliyekuwa amefika. Wengine walikuwa watu wa Chanzuru, wengine mbali zaidi, watu wa jembe, na nauli haioti shambani. Nilisimama pale nikiwa na mkono ndani ya koti. Nilikuja kumtoa mmoja. Nilikwenda mjini Kilosa, nikakodi Landrova, nikawapakia sita na matroni wao.

Njia ya Dumila ilikuwa tope na mashimo. Landrova lilikuwa linanuka dizeli na kuku, na lilikuwa linatupa watu juu kama mchele kwenye ungo. Tulipofika katikati msichana mmoja akatapika dirishani, upepo ukairudisha ndani, nusu ikatua begani kwangu, kwenye koti la harusi. Wenzake wakamhama. Wakajibana upande mmoja, wanamtazama tumbo. Msichana mwingine, mwembamba, ambaye tangu asubuhi sikuwa nimesikia sauti yake, ndiye pekee aliyesogea, akamshika kichwa, akamfuta mdomo kwa upindo wa sketi yake mwenyewe. Baba yake alikuwa mkulima Kidete, kando ya mto Mkondoa.

Kisha binti yangu naye akatapika.

Nilikuwa mbele, nikamwona kwenye kioo cha dereva. Dereva naye alimwona, akanitupia jicho, akalirudisha barabarani haraka. Hapo nitasema kilichonipata. Kile kinyaa nilichokuwa nacho kwa watu wote, kwa daktari, kwa vikopo, kwa mkuu, kiligeuka kikamwelekea mwanangu. Nilimtazama mdomo wake uliolowa nikajisikia kama yule sungura, mwili mzima unakataa. Halafu akainua macho tukakutana kwenye kioo, akajua ninachofikiri. Akageuka akatazama mashamba ya mkonge mpaka tunaingia Morogoro, hakunitazama tena.

Hospitali walipimwa na mama mmoja mwenye glavu, asiye na maneno. Niliomba nione dawa inakotoka. Alinitazama kama mwendawazimu, lakini akafungua friji. Kichupa kilikuwa rafu ya katikati, kisafi, wala hakuna kipande cha nyama. Akanionyesha kwamba pale juu panapoganda hakuweka kitu, maana boksi lenyewe limeandikwa kwa wekundu lisigandishwe. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu na chini yake harufu ile nyingine ambayo dawa haiiondoi. Matroni alikuwa anachambua maharage aliyokuja nayo kwenye kanga, maana, alisema, kungoja bila kazi ni dhambi.

Yule mama akatoka na karatasi sita, zote zina muhuri. Aliniita mimi, akidhani ni baba yao wote.

Binti yangu alikuwa mzima. Aliyetapika wa kwanza alikuwa mzima. Watano walikuwa wazima. Wa sita, yule mwembamba aliyemfuta mwenzake mdomo, alikuwa na mimba.

Nilidhani watapiga vigelegele. Walianza, kidogo, kisha wakamwona mwenzao amekaa vile vile, mikono juu ya magoti, hata hajauliza karatasi yake inasemaje, wakanyamaza. Niliwanunulia wali na nyama pale stendi. Yeye alikula wote, taratibu, kama mtu anayejua safari yake ni ndefu. Mimi sikuweza hata kuitazama nyama.

Shuleni mkuu alisoma karatasi moja moja, kwa haki, siwezi kumsingizia. Watano akawaambia wachukue masanduku warudi bwenini, na kesho mbele ya shule atayasoma tena majina yao kwa namna nyingine, na aliyasoma. Wa sita alimwonyesha tu sanduku lake. Matroni akalishika upande mmoja, ameuma midomo, hana mzaha.

Na daktari alikuwepo. Alikuwa amengoja siku nzima alipwe ujira wake. Akaomba kuiona ile karatasi ya sita, akaisoma, akatabasamu kwa meno yote.

“Si mnaona?” akasema. “Dawa haikusema uongo.”

Nimeona mikojo siku ile kuliko mtu anavyopaswa kuona katika maisha yake. Nimetapikiwa. Lakini hakuna kilichonichefua kama yale meno. Kichupa kile kingesema hata mlango una mimba, na yeye alikuwa anasimama juu ya mtoto wa watu ili aonekane mrefu. Nilimtemea mate kwenye kiatu. Mkuu wa shule aliona, akajifanya anatafuta kengele. Kijana yule mpaka leo ana maabara, siku hizi ana hata kibao cha taa, na watu bado wanamwita daktari.

Binti yangu aliburuta sanduku lake mpaka mlango wa bweni. Hapo aligeuka akaniaga, “Haya baba,” basi, bila goti. Nikasema marahaba ingawa hakuwa ameniamkia.

Nikampeleka yule mwembamba stesheni Kilosa, maana hakukuwa na mwingine wa kumpeleka, na Landrova lilikuwa bado langu mpaka jioni. Treni ilichelewa. Alikaa juu ya sanduku lake kwenye jukwaa, mimi nimesimama pembeni nikinuka matapishi, na watu waliokuwa wanapita walitutazama, mzee wa koti na mwanafunzi wa sanduku, wakafikiri walichofikiri. Wanawake wawili waliouza ndizi walinong’onezana, mmoja akasonya. Niliacha wasonye.

“Utamwambia nini baba yako?” nikamwuliza.

Alifikiri kidogo. “Nitamwambia dawa ilikuwa imeharibika,” akasema. “Si ni kweli?”

“Ni kweli,” nikasema.

Nikaenda dirishani nikamkatia tiketi ya Kidete, daraja la tatu, nikamwongezea mkate na soda. Alishukuru kwa mikono miwili. Treni ilipoondoka nilimwona amepata nafasi dirishani, ameshika ile soda bila kuifungua. Niliporudi Mikumi mke wangu aliniuliza mtoto amepona kwa bei gani. Tukakaa tukajumlisha, yeye ananitajia na mimi nakumbuka: Landrova na mafuta yake, vipimo vya wote sita, wali wa stendi, tiketi, mkate, soda. Ilinitoka shilingi elfu hamsini na tisa na hamsini.